Namna ya kumpima mzee kumbukumbu na kusoma majibu yake: mwongozo kamili

Makosa yanayojirudia ni mawili. La kwanza: mtu anapakua kipimo kwenye simu, anamkalisha baba yake sebuleni mbele ya wajukuu, anamuuliza maswali, anajumlisha alama na kutoa hukumu: "Mzee ana Alzheimer," yaani ule ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole. La pili: muuguzi anasalimiana na bibi kwa dakika tano, anaona anajibu vizuri, anaandika "akili timamu" na kumrudisha nyumbani.

La kwanza nimelitenda mwenyewe nilipokuwa mgeni kazini. Nilimwandikia mzee mmoja kwamba kumbukumbu zake zimekwisha, kumbe masikio yake yalikuwa yamezibwa na nta. Alikaa na jina hilo kwao kwa miezi minne. Ndiyo maana hapa nitakaa zaidi kwenye maandalizi na lugha kuliko kwenye kujumlisha alama.

Mwongozo huu ni wa muuguzi, tabibu, mhudumu wa afya ya jamii, na mtoto anayemlea mzazi. Ukiwa mtoto, pima ili ufike hospitali na maelezo yanayofaa. Jina la ugonjwa atalitoa daktari.

## Vitu vya kuandaa

- Chumba kimoja chenye utulivu na mwanga wa kutosha. Redio na televisheni vizimwe.
- Karatasi mbili zisizo na mistari na penseli.
- Saa au simu ya kuhesabu dakika moja. Iwe mkononi mwako, mzee asiione.
- Njiti za kiberiti, kwa mzee ambaye hakuwahi kushika kalamu.
- Miwani ya mzee mwenyewe, na kifaa chake cha kusikia kama anacho. Kama hana na masikio ni mazito, mvishe stetoskopu uzungumze taratibu kwenye kile kichwa chake cha kifuani. Inasaidia sana.
- Dawa zake zote, ziletwe kwenye mfuko kama zilivyo, pamoja na zile za dukani na za mitishamba.
- Msindikizaji anayeishi naye. Mtoto wa mjini anayekuja sikukuu hatoshi.
- Fomu ya kipimo kimoja ulichokichagua.

Kuhusu fomu: kwa anayeanza napendekeza Mini-Cog. Ina maneno matatu ya kukumbuka na saa ya kuchora, jumla alama 5, na haizidi dakika chache. MMSE na MoCA, vipimo viwili virefu zaidi, zina alama 30 kila moja, lakini zimejengwa juu ya mtu aliyesoma. MoCA humwongezea alama 1 aliyesoma miaka 12 au pungufu, maana yake aliyemaliza kidato cha nne na bibi ambaye hakuwahi kuingia darasani wanaongezewa sawasawa. Hiyo si haki kwa bibi. Kwa mzee asiyesoma kuna kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa kwa utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Kina maswali sita, alama 15, na badala ya kuchora mzee anapanga njiti za kiberiti. Tumia fomu rasmi ya kipimo chochote utakachochagua. Ukichanganya maswali ya fomu tatu, alama utakayopata haina maana.

## Hatua ya 1: Ondoa visababishi vingine kwanza

Kipimo cha kumbukumbu hakijui kwa nini mzee amekosea. Kinajua tu kwamba amekosea. Kwa hiyo kabla ya swali la kwanza, jibu maswali haya wewe mwenyewe.

Je, hali imeanza ghafla, ndani ya saa au siku chache? Anasinzia katikati ya mazungumzo, asubuhi mzima, jioni hatambui watu? Hiyo si Alzheimer mpaka ithibitike vinginevyo. Ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, na chanzo chake mara nyingi huwa ni maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, malaria, sukari kushuka, maji kupungua mwilini au dawa. Usipime kumbukumbu siku hiyo. Mpeleke hospitali. Kwa mzee huu ni ugonjwa wa dharura kama homa kali kwa mtoto.

Jaribio dogo la umakini: mwombe ataje siku za wiki kinyumenyume. Vitabu vya Kiingereza hutaka miezi kinyumenyume, lakini wengi wetu tunaita mwezi wa kumi na mbili, wa kumi na moja, wa kumi, na hapo mzee anahesabu namba tu. Hata siku zetu zina namba ndani yake: tano, nne, tatu, pili. Sikiliza zaidi anapopita Ijumaa na Alhamisi, kwa kuwa hapo hana namba ya kushikilia.

Kagua mfuko wa dawa. Vidonge vya mafua na mzio vyenye klorfeniramini, amitriptilini ya maumivu, na diazepamu ya usingizi, vyote hufifisha kumbukumbu ya mzee. Usimwachishe ghafla. Andika, umwonyeshe daktari.

Uliza pia kama ameanguka miezi ya karibuni. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu baada ya pigo dogo ambalo kila mtu amelisahau, na upasuaji ukamrudisha mtu katika hali yake. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, kaswende na VVU navyo hutafutwa kwa kipimo cha damu.

Mwisho, huzuni. Mzee mwenye sonona mara nyingi hujibu "sijui, sijui," hata kabla hajajaribu. Mwenye Alzheimer hujaribu, hukosea, na huona hakuna tatizo. Si kanuni ya kila mtu, ila ukiiona iandike.

*Hatua hii imefaulu kama* unaweza kusema: anasikia, anaona, yuko macho kabisa, hana homa, na dawa zake nimeziona.

## Hatua ya 2: Salamu, ruhusa na faragha

Mwamkie. Mpe nafasi ya kukuuliza wa kwenu hawajambo. Usifupishe, lakini usidanganyike pia: salamu zetu ni za kujibizana, na mtu huzikariri tangu utotoni. "Habari za nyumbani?" "Njema." "Za watoto?" "Salama." Mzee anaweza kupoteza karibu kila jambo la mwaka huu na bado akakusalimia bila kosa hata moja. Salamu zinakupa heshima na utulivu. Kuhusu kumbukumbu hazikupi chochote.

Kisha omba ruhusa kwa maneno ya wazi: "Mzee wangu, nitakuuliza maswali kidogo ya kumbukumbu. Mengine ni mepesi, mengine magumu kwa kila mtu. Uniruhusu?" Akikataa, mwache. Rudi siku nyingine.

Wajukuu watoke. Mkwe atoke. Baba mzima hatajaribu swali ambalo akilikosa ataaibika mbele ya mke wa mwanawe. Atalikwepa kwa mzaha au kwa hasira, na wewe utaandika sifuri.

Lugha ni ile anayootea ndoto. Kwa bibi wa Marangu inaweza kuwa Kichaga, kwa babu wa Shinyanga Kisukuma. Lugha aliyojifunza ukubwani hudhoofika mapema, na wazee wetu walioko Marekani au Uingereza wanaopimwa kwa Kiingereza huonekana wagonjwa kuliko walivyo. Kama kuna mkalimani, asiwe mtoto wake. Mtoto husaidia kujibu bila kujijua.

## Hatua ya 3: Msikilize msindikizaji kando

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye taarifa nyingi kuliko zote. Alama za leo zinaonyesha mzee yuko wapi. Msindikizaji anaonyesha ametoka wapi.

Kuna fomu ya AD8, maswali manane ya ndiyo au hapana kuhusu *mabadiliko* ya miaka ya karibuni. "Ndiyo" mbili au zaidi zinataka uchunguzi. Ukimaliza fomu, ingia kwenye maisha yenyewe:

- Hesabu ya chenji dukani inampiga chenga, au namba ya siri ya pesa za simu anaulizia kila wiki?
- Chungu kinaungua, chumvi inatiwa mara mbili?
- Amewahi kupotea njia ya shambani au ya msikitini ambayo ameipita miaka arobaini?
- Anauliza swali lilelile ndani ya nusu saa, bila kukumbuka kwamba ameuliza?
- Katikati ya sala anapoteza hesabu ya rakaa, au kanisani hafuati tena ibada aliyoizoea?

Shika neno *mabadiliko*. Babu ambaye hakuwahi kupika maisha yake yote, leo kushindwa kupika si dalili. Bibi aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha kukopeshana, leo akashindwa kujua nani amelipa, hiyo ni dalili kubwa hata kama kipimo kitampa alama zote.

Uliza pia mwendo wake. Alzheimer huteremka polepole, hata familia haiwezi kutaja mwezi ilipoanza. Hali inayoshuka kwa ngazi, leo inashuka ghafla, miezi mitatu inatulia, halafu inashuka tena, inaelekeza kwenye mishipa ya damu ya ubongo na presha. Mzee anayeona watu au wanyama wasiokuwepo, tena waziwazi, na hali yake inapanda na kushuka, ana uwezekano wa ugonjwa mwingine wa aina hii. Andika yote kwa maneno ya msindikizaji. Usiyapambe.

## Hatua ya 4: Maneno matatu

Soma maneno matatu ya fomu, moja moja, kwa sauti ya kawaida. Mwombe ayarudie. Unaweza kumsomea mpaka mara tatu. Mwambie ayahifadhi kwani utamuuliza baadaye.

Maneno hayo yawe ya kawaida, yasiyohusiana, na yasiyoonekana chumbani. Nimekuta fomu zilizotafsiriwa kwa kamusi, zenye neno "macheo". Mzee wa bara ambaye hajawahi kulisikia anabebeshwa kazi mbili, kujifunza neno na kulikumbuka. Mpe "ndizi", "mlima", "ufunguo" uone tofauti. Ukibadilisha maneno ya fomu, iandike kwamba umebadilisha, na siku ya kurudia utumie maneno mengine ya uzito uleule.

Asipoweza kurudia maneno papo hapo hata mara ya tatu, huenda tatizo si kumbukumbu. Huenda ni masikio, lugha au umakini. Rudi Hatua ya 1.

## Hatua ya 5: Saa

Mpe karatasi, mwambie achore duara la saa na namba zake zote. Akimaliza, aweke mishale. Na hapa ndipo tafsiri imewaumiza wazee wengi.

Fomu ya Kiingereza inataka saa inayosomeka 11:10. Mpimaji akitafsiri neno kwa neno, "saa kumi na moja na dakika kumi", mzee anachora mshale mfupi kwenye 5, kwa sababu saa kumi na moja yetu ni ya alfajiri au ya jioni. Amepatia kabisa. Mpimaji anaandika sifuri. Nusu ya alama zake za saa? Hapana, zote mbili, kwa kuwa Mini-Cog hutoa 2 au 0, hakuna katikati.

Sema: "Saa tano na dakika kumi." Jibu ni mshale mfupi kwenye 11 na mrefu kwenye 2. Akiweka mfupi kwenye 5, usimkate alama kabla hujamuuliza: "Saa yako ya nyumbani ikifika saa tano, mshale unakaa wapi?" Wapo wanaorekebisha saa zao zisome Kiswahili moja kwa moja, na kwa huyo 5 ni sahihi. Andika ulichouliza na alichojibu.

Kosa la ugonjwa lina sura nyingine. Namba zinajazana upande mmoja. Namba zinavuka 12 na kuendelea. Mshale wa dakika unakwenda kwenye 10 kwa sababu amesikia "kumi", akashindwa kuigeuza kuwa 2. Hilo la mwisho litazame sana, maana linaonyesha kwamba akili haikuweza kulizuia neno lililosikika mwanzo.

Mzee ambaye hajawahi kushika penseli, au hana saa ya mishale nyumbani, usimchoreshe. Tumia njiti kwa kufuata fomu ya IDEA: unapanga umbo, yeye anapanga lake kama lako.

## Hatua ya 6: Maneno yale, baada ya kupita muda

"Yale maneno matatu niliyokuomba uyahifadhi, ni yapi?" Kisha nyamaza. Mpe muda. Usimtazame usoni kwa kumkodolea.

Kila neno analolikumbuka mwenyewe ni alama 1. Ukisha kuandika alama, na si kabla, mpe dokezo kwa yale aliyoyakosa: "Moja lilikuwa tunda." Dokezo haliongezi alama, ila linakufundisha jambo. Alzheimer huanza kuharibu sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya, hipokampasi na jirani zake. Neno halikuwekwa ndani, hivyo hata ukimwonyesha mlango hana cha kutoa. Mzee wa kawaida, au mwenye huzuni, neno limo, ameshindwa kulifikia tu, ukisema "tunda" anacheka, "Ah, ndizi!" Tofauti hiyo mara nyingi inaniambia mengi kuliko jumla ya alama.

## Hatua ya 7: Wanyama kwa dakika moja

Hii haimo kwenye Mini-Cog, imo kwenye vipimo vingine. Ikiwa fomu yako inayo, jihadhari na neno "wanyama". Kwa Kiswahili chetu, kuku ni ndege, changu ni samaki, nyuki ni mdudu. Mzee mwenye lugha safi atataja wenye miguu minne peke yao na kuishiwa, wakati mipaka ya alama imewekwa kwa watu waliohesabiwa hata papa na kipepeo. Sema: "Nitajie viumbe hai, wa porini na wa nyumbani, ndege, samaki, wadudu, wengi uwezavyo." Jina la lugha ya kwao lihesabiwe. Jina lililorudiwa lisihesabiwe, lakini liandike, kwa kuwa kurudiarudia ni dalili.

## Maswali ya siku na mahali

Kwa wenye fomu za maswali haya, machache ya kukumbuka. Majira manne ya Ulaya hayapo hapa. Uliza kama ni masika, kiangazi au vuli. Mzee wa pwani akikujibu mfunguo tatu, mwezi wa kalenda ya Kiislamu, badala ya mwezi wa Kizungu, angalia kalenda kabla ya kuandika kosa. Ukimpima baada ya magharibi siku ya Alhamisi akakuambia ni usiku wa Ijumaa, amepatia. Na mipaka ya utawala imebadilika: mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016, hivyo mzee wa Mbozi anayesema yuko Mbeya anakumbuka mkoa alioishi humo maisha yake yote. Kenya nako wapo wanaotaja wilaya badala ya kaunti. Mwaka wa kuzaliwa usioandikwa popote, ukadirie kwa matukio: alikuwa na umri gani uhuru ulipopatikana, alikuwa ameoa wakati wa vita vya Kagera?

## Hatua ya 8: Soma alama

Mini-Cog: alama 0 hadi 2 zinataka uchunguzi zaidi. Alama 3 hadi 5 hupunguza wasiwasi, haziuondoi. Mwalimu mstaafu au karani wa benki anaweza kupata 5 huku akiwa ameshaanza kushuka, kwa sababu alianzia juu. Kwake mwamini mke wake kuliko karatasi.

Usimwambie mzee "umefeli". Mwambie: "Kuna maswali yamekusumbua. Ningependa daktari atafute sababu."

## Hatua ya 9: Kutabiri

Familia zote huuliza: itakuwaje? Kipimo kimoja hakijibu swali hilo. Mzee aliyepata 2 leo anaweza kuwa hakulala usiku. Kinachotabiri ni mteremko, yaani alama za mtu yuleyule zikilinganishwa na zake mwenyewe.

Rudia baada ya miezi 6 hadi 12. Mpimaji awe yuleyule, saa ileile ya siku, chumba kilekile, maneno tofauti. Ukirudia mapema kwa maneno yaleyale, atapanda kwa mazoea. Na mzee ambaye *hapandi* kabisa kwa mazoea, hilo nalo ni jambo la kuandika.

Uzito wa dalili kwa kutabiri Alzheimer naupanga hivi: kwanza, maneno ya baadaye yanayopotea hata kwa dokezo, pili, mabadiliko ya kazi za kila siku yaliyosimuliwa na anayeishi naye, tatu, viumbe wanaotajwa kupungua mwaka hadi mwaka. Yakikutana yote matatu, usisubiri.

Katika kliniki za kumbukumbu, watu wenye upungufu mdogo wa kumbukumbu ambao bado wanajitegemea, 10 hadi 15 hivi kati ya 100 huingia kila mwaka kwenye demensia, yaani akili kudhoofika mpaka mtu ashindwe kujitegemea. Kwa waliopimwa mitaani idadi ni ndogo zaidi, na wapo wanaorudi hali ya kawaida. Kwa hiyo usiiambie familia "lazima". Wala usiwaambie vijana wapime ili watulie: uharibifu ndani ya ubongo huanza miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili, na kipimo cha maneno hakiufikii. Hata vipimo vipya vya damu vinavyotafuta p-tau217, protini inayohusishwa na Alzheimer, vinashauriwa kwa aliye na dalili tayari.

## Hatua ya 10: Barua ya rufaa

Daktari hatapata saa nzima kama uliyopata wewe. Mwandikie yatakayomsaidia, hivi:

"Mama, miaka 74 kwa kukadiria, hakusoma, Kipare na Kiswahili. Mini-Cog haikutumika kwa sababu hajawahi kushika kalamu. IDEA fomu kamili imeambatishwa, imefanyika saa tatu asubuhi kwa Kipare. Anasikia vizuri, ana mtoto wa jicho upande wa kulia. Hana homa. Anatumia klorfeniramini karibu kila usiku kwa miaka miwili. Hajaanguka. Binti anayeishi naye anasema kwa mwaka mmoja na nusu anarudia maswali, ameacha kuuza mboga kwa kushindwa chenji, na mwezi uliopita alipotea akirudi kisimani. Maneno aliyoyakosa hakuyapata hata kwa dokezo. Naomba kipimo cha damu, tathmini ya dawa, na picha ya ubongo ikiwezekana. Nitampima tena baada ya miezi sita."

Nakala moja ibaki kwenye faili, nyingine apewe binti, pamoja na tarehe ya kurudi.